Sayyid Barghash na Gari la Moshi la Chukwani

Ukimtaja Sayyid Barghash bin Said mbele ya watu wa pwani, kila mmoja huwa na lake la kusema. Huyu atakutajia Beit al-Ajaib, yule maji ya mfereji, wa tatu hamamu za Hamamni, na mzee aliyesoma atakukumbusha mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa. Ni wachache watakaokuambia kwamba Sultani huyo alikuwa na gari la moshi lake mwenyewe kisiwani Unguja, miaka 15 kabla ya reli ya Uganda kuanza kulazwa Mombasa.

Habari za mtu huyo na gari lake ndizo ninazotaka kuwasimulia wasomaji leo, nami ninaziandika kutoka mahali ambapo hamngedhani: Kenyenya, katika milima ya Kisii. Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini riziki ya ualimu imenileta huku kwenye migomba na majani ya chai, nchi ambayo reli haijapata kuifikia. Wanafunzi wangu wengi hawajaliona gari la moshi kwa macho yao. Kwa ajili yao nimeanza, pamoja na wenzangu wawili walio mbali, kuunda reli ndogo ya mfano wa ile ya Sayyid Barghash, ya kutosha kuwekwa juu ya meza mbili za darasani. Na mtu hawezi kuunda gari la mtu bila ya kumjua mwenyewe. Basi nikamsoma, na kadiri nilivyomsoma ndivyo nilivyoona kuwa maisha yake yote yamefungamana na vitu vilivyokuja kwa vipande kutoka ng'ambo.

KIJANA ALIYETAKA KITI

Barghash alizaliwa kiasi cha mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyeunganisha Oman na Unguja chini ya bendera moja. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Alilelewa katika majumba yenye ndugu wengi, na katika nyumba za namna hiyo, kama wasomaji wanavyojua, mapenzi na uhasama hulala chumba kimoja.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1856 Sayyid Said alifariki dunia baharini, akiwa njiani kutoka Maskati kurudi Unguja. Barghash alikuwamo katika msafara huo, na ndiye aliyeufikisha mwili wa baba yake nyumbani. Alijaribu papo hapo kukitwaa kiti, lakini hakufaulu. Unguja ikamwangukia ndugu yake Majid, na Maskati ikabaki kwa ndugu yao mwingine, Thuwaini.

Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliasi, akiungwa mkono na Waarabu wa kabila la al-Harthi, na ndani ya nyumba akisaidiwa na dada zake wawili, Khole na Salme. Majid alimzingira nyumbani kwake. Barghash akaponyoka usiku akiwa amevaa mavazi ya kike, akakimbilia shamba la Marseilles. Waingereza waliingia upande wa Majid kwa askari na mizinga yao, na uasi ukazimwa. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, akakaa huko muda wa miaka ipatayo miwili.

Watu wengi huyapita maneno hayo ya Bombay haraka haraka. Mimi nasema tusimame hapo kidogo. Bombay ya wakati ule ilikuwa mji wa bandari kubwa, wa mitambo ya kuchapia na viwanda vya nguo, na tangu mwaka 1853 gari la moshi lilikuwa likitoka mjini humo kwenda Thana, nalo ndilo la kwanza la abiria katika bara Hindi lote. Kijana wa kifalme aliyeshindwa vita alitupwa katikati ya mambo hayo. Alikwenda kama mfungwa, akarudi amekwisha kuona jinsi ulimwengu mpya unavyokwenda.

TUFANI NA MKATABA

Majid alipofariki, Barghash alikalia kiti tarehe 7 Oktoba 1870. Hakupewa hata nafasi ya kupumua. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu kwa maelfu na kuvizamisha vyombo bandarini, pamoja na merikebu za Sultani mwenyewe. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. Mwaka uliofuata Waingereza walikuja na mkataba wao wa kuifunga biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa kwanza, akaambiwa kuwa kisiwa chake kitazingirwa kwa manowari, na mwezi wa Juni mwaka 1873 akatia mkono.

Mwenye kumlaumu na amlaumu, na mwenye kumsifu na amsifu. Biashara ile ilikuwa dhuluma juu ya wanadamu, na kufungwa kwake ni heri. Lakini tukitazama upande wa hazina, Sultani alikuwa amepoteza mikarafuu, merikebu na ushuru wa watumwa katika muda usiotimia miaka miwili. Mtu wa moyo mdogo angejifungia ndani ya jumba lake. Yeye aliamua kujenga.

Mwaka 1872 huo huo meli za kampuni ya British India, zilizokuwa mali ya tajiri wa Kiskoti William Mackinnon, zilianza kuleta barua Unguja kutoka Aden kila mwezi. Wazee wetu wa Mombasa na Lamu walizijua meli za kampuni hiyo hata karne iliyofuata, kwani ziliendelea kuwapeleka watu Bombay hadi miaka ya 1970. Kwa Barghash, kuja kwa meli hizo kulikuwa na maana moja kubwa: kitu kilichoagizwa Uingereza sasa kilijulikana kitafika lini. Katibu aliandika, meli ikachukua, na baada ya miezi kadhaa sanduku likashushwa pwani.

SAFARI YA ULAYA

Mwaka 1875 Barghash alifunga safari ya Uingereza. Alifika London mwezi wa Juni, akaonana na Malkia Victoria, kisha akatembezwa Birmingham, Liverpool na Manchester, miji ya vyuma na pamba, na baadaye akapita Ufaransa. Katibu wake, Zahir bin Said, aliiandika safari hiyo kwa Kiarabu, na kitabu chake kikachapwa. Kwa hiyo tunayo habari ya mtawala wa pwani yetu aliyewatazama Wazungu kwao, wakati ambapo ilikuwa desturi Wazungu ndio wawaandike watu wa pwani.

Ipo habari moja ya safari ile inayotia uchungu. Dada yake Salme, ambaye alimsaidia katika uasi wa mwaka 1859, alikuwa amekimbia Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuingia dini ya Kikristo. Aliposikia kuwa ndugu yake yuko London alikwenda huko akitumaini kumwona na kupatana naye. Wakubwa wa Kiingereza walihakikisha kuwa wawili hao hawaonani. Sultani alitazama mitambo, na dada yake alikuwa katika mji huo huo asimwone.

VIPANDE VINAANZA KUFIKA

Baada ya kurudi nyumbani mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1878 ilikuja meli ya kivita iliyoitwa Glasgow, iliyoundwa Dumbarton, Uskoti, kwa kuifananisha na manowari ya Kiingereza ya jina hilo ambayo Sultani alikuwa ameiona ikitembelea Unguja. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja. Meli za Sultani mwenyewe, za moshi, zilichukua abiria na shehena kati ya Unguja na Bombay. Uliletwa pia mtambo wa kuchapia, na kiasi cha mwaka 1880 ukaanza kutoa vitabu vya fikihi ya Kiibadhi, kikiwemo Qamus al-Sharia, kitabu chenye majuzuu mengi. Mwanachuoni aliyekuwa akinakili kwa kalamu mwaka mzima sasa aliweza kuiona kazi yake ikitoka kwa wino wa mtambo hapo hapo kisiwani.

Maji nayo yaliletwa kutoka chemchemi za nje ya mji na kupitishwa mferejini hadi Mji Mkongwe, wakubwa kwa wadogo wakayateka bure. Msomaji aliyezaliwa na mfereji uani huenda asiione thamani ya jambo hilo. Na aulize wazee habari za kipindupindu kilichopita Unguja mwaka 1869 na 1870, kikazika watu kwa maelfu, ndipo atakapojua maji safi ni nini. Hamamu za Hamamni zilijengwa chini ya usimamizi wa fundi wa Kiajemi, Haji Gulamhussein. Na mwaka 1883 likasimama jumba la Beit al-Ajaib, lenye nguzo za chuma zilizoagizwa ng'ambo na kuta za mawe yetu ya matumbawe, likawa miongoni mwa nyumba za kwanza kupata taa za umeme katika Afrika Mashariki.

Angalieni jinsi jumba hilo lilivyoundwa. Chuma kilitoka Ulaya, milango ikachongwa kwa nakshi na mafundi wa pwani, boriti zikakatwa mikokoni, chokaa ikachomwa na watu wa kisiwani. Hakuna hata mmoja miongoni mwa waliolishiriki aliyewajua wenzake wote. Aliyeisubu nguzo huko kwao hakumjua aliyeukoroga udongo Unguja. Lakini vipimo vilipatana, na jumba likasimama.

GARI LENYEWE

Sasa tuje kwenye gari la moshi. Sayyid Barghash alikuwa na jumba la mapumziko huko Chukwani, kusini ya mji, mahali penye upepo mzuri wa bahari. Kiasi cha mwaka 1879 alijenga reli ya kutoka jumba lake la mjini hadi huko, mwendo wa maili 7. Mwanzo hapakuwa na moshi. Mabehewa mawili ya fahari yalivutwa na baghala, yaani nyumbu wa kufungwa gari. Ndipo mwaka 1881 Sultani alipoagiza kichwa cha gari la moshi kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza, kiwanda kichanga cha mji wa Stafford kilichojulikana kwa mashine ndogo ndogo za reli nyembamba. Mashine iliyokuja ilikuwa ya magurudumu manne, inayobeba maji yake mwenyewe mgongoni, bila ya behewa la nyuma la makaa.

Basi fikirini. Mwaka 1881 Nairobi haikuwapo. Kisumu haikuwa mji. Bara nzima kutoka Mombasa hadi ziwani ilikuwa njia ya miguu na vichwa vya wapagazi. Na Unguja, katika kisiwa kilichojaa minazi na mikarafuu, mashine ilipiga mluzi ikimpeleka Sultani na watu wa nyumbani kwake Chukwani.

Hapa ndipo reli yangu ya Kenyenya inaponisaidia kuelewa. Wenzangu katika kazi hii ni shemeji yangu aliyeko Maskati, na mzee mmoja mstaafu wa Uingereza, mpenzi wa mashine za zamani, ambaye tumejuana kwa kuandikiana tu. Mzee huyo hutengeneza mashine na magurudumu. Shemeji huunda mabehewa kwa mbao nyembamba, kwa kuwa yeye ni fundi wa seremala na ana subira ya ngamia. Mimi na wanafunzi tunatengeneza nchi yenyewe: njia, minazi, na jumba la Chukwani. Jumba tunalichonga kwa jiwe la sabuni la Tabaka, ambalo watu wa Kisii wamelichonga tangu mababu, jiwe laini linalokubali kisu cha mtoto.

Kabla ya mtu yeyote kukata ubao, tulikaa miezi miwili tukikubaliana jambo moja tu, nalo ni upana wa njia. Tulichagua milimita 16 na nusu, kipimo ambacho wapenzi wa reli ndogo ulimwenguni wanakitumia sana, ili gurudumu la Uingereza likae juu ya reli iliyolazwa Kenyenya bila ya kung'ang'ana. Kisha kila kipande kikapewa namba. Kifurushi kinapofika posta, mwanafunzi hukifungua, husoma namba, huangalia daftari, akajua hiki ni cha wapi. Kipande kisicho na namba ni takataka, hata kikiwa cha dhahabu.

Nao wanafunzi wameniuliza swali ambalo sijalisoma katika kitabu chochote. Siku mashine ya Sultani ilipoharibika, nani aliitengeneza? Swali hilo, wasomaji, ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mashine iliweza kupakiwa melini, na elimu ya aliyeiunda ilibaki Stafford. Barghash alijenga mferejini, akachapa vitabu, akaweka taa. Lakini hakupata muda wa kusomesha kizazi cha vijana wa pwani wakajua kuisubu ile nguzo, kuipiga ile ribiti, na kuichora ile mashine. Vyombo vilikuja haraka kuliko mafundi.

NCHI INAPOKATWA VIPANDE

Na huo muda aliukosa kwa sababu. Wakati yeye alipokuwa akikusanya vipande vya chuma, wengine walikuwa wakiikata nchi yake vipande. Mnamo mwaka 1877 Mackinnon, yule mwenye meli, alianza mazungumzo naye ya kuikodi bara yote kwa miaka 70, aiendeshe kwa jina la Sultani na kugawana naye faida. Mazungumzo yalivunjika mwaka 1878, kwa kuwa Serikali ya Uingereza haikutaka kuyatilia nguvu. Huenda Barghash alishukuru wakati ule. Lakini waliokuja baada ya hapo hawakuomba kukodi.

Mwaka 1885 Mfalme wa Ujerumani alitangaza ulinzi wake juu ya nchi za bara alizozidai Carl Peters kwa karatasi zilizotiwa alama na machifu. Barghash alipopinga, mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya jumba lake na kuielekeza mizinga mjini. Ndani ya msafara huo wa Kijerumani aliletwa Salme, dada yake, kama karata ya kuchezea. Meli Glasgow ilikuwapo bandarini, lakini meli moja ya fahari haiwezi kupigana na dola. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakaamua wao kwa wao kwamba mali ya Sultani ni visiwa vyake na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Mwenye nchi hakukaa kwenye meza hiyo.

Mwezi wa Mei mwaka 1887 Barghash alimpa Mackinnon na wenziwe haki ya kuiendesha pwani kutoka mto Umba hadi Kipini kwa miaka 50. Alikuwa mgonjwa tayari. Alikwenda Oman kutafuta nafuu, nafuu haikupatikana, akarudi Unguja na kufariki dunia mwishoni mwa Machi mwaka 1888, mara tu baada ya kuwasili. Umri wake ulikuwa kiasi cha miaka 50. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Gari la Chukwani halikuishi baada yake. Reli iling'olewa na mashine ikavunjwa kuwa chuma chakavu. Lilikuwa gari la mtu mmoja, na mtu huyo alipoondoka hakuna aliyelihitaji.

YALIYOFUATA

Msomaji wa Mombasa atataka kujua ya kwetu. Kampuni ya Mackinnon ilipata hati ya Malkia mwezi wa Septemba mwaka 1888, na mwaka 1890 ikaanza kulaza reli nyembamba, upana wa futi 2 tu, kutoka Mombasa kuelekea bara. Waliipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Ilikwenda maili 7, sawasawa na ile ya Barghash, ikasimama. Fedha zilikwisha. Vyuma vyake havikupotea bure, kwani Mombasa ilivitumia kwa yale matoroli ya kusukumwa kwa mikono ambayo yalipita katika mitaa yetu hata mwanzoni mwa miaka ya 1920, mabwana wamekaa chini ya kivuli na vijana wenye jasho wakikimbia nyuma.

Mackinnon alifariki mwaka 1893, na mwaka 1895 kampuni iliuza haki zake kwa Serikali ya Uingereza kwa pauni 250,000. Sasa wasomaji wasikilize fedha hizo zilitoka wapi. Pauni 50,000 zilitoka kwa Serikali. Pauni 200,000 zilizobaki zilitoka katika hazina ya Unguja, nazo ni zile zile ambazo Wajerumani walimlipa Sultani walipochukua pwani ya kusini. Yaani fedha ya pwani moja iliyouzwa ilitumika kuinunua pwani ya pili, kisha pwani hiyo isirudi mikononi mwa mwenyewe. Waingereza walikubali kulipa kila mwaka kodi ya pauni 11,000, na pauni 6,000 kuwa riba ya fedha hizo, na kwa hesabu hiyo bendera nyekundu ilipepea juu ya ngome ya Mombasa hadi mwaka 1963.

Hata huku Kisii vipande vile vilifika, ingawa kwa njia ya maji. Meli ndogo iliyoitwa William Mackinnon iliundwa huko Paisley, karibu na Glasgow, ikafungwa kwa bolti, kila kipande kikapigwa namba, kisha ikafunguliwa yote. Ikaletwa Mombasa kwa meli kubwa, ikapelekwa bara wakati reli ya Uganda haijamalizika, sehemu ya njia ikiwa juu ya mabega ya watu. Mwaka 1900 ikaelea ziwani Kisumu, na reli yenyewe ikafika huko mwezi wa Desemba mwaka 1901. Stima nyingine zililetwa kwa njia hiyo hiyo. Mwezi wa Septemba mwaka 1914, Wajerumani walipouteka mji wa Kisii, stima za ziwani ndizo zilizowachukua askari wa Kiafrika wa Mwingereza kutoka Kisumu hadi Kendu, na kutoka hapo wakapanda milima kwa miguu kwenda vitani. Wanafunzi wangu walipolijua hilo walinyamaza. Walidhani wanajenga mchezo wa watu wa mbali, kumbe kamba ya mchezo huo imewafika mlangoni.

HUKUMU YAKE

Wapo wanaosema Sayyid Barghash alikuwa mtu wa fahari, aliyenunua vitu vya kuchezea wakati nchi ikimponyoka. Sikubaliani nao, lakini siwakatai kabisa. Gari la Chukwani lilikuwa la fahari, na limekwisha. Meli Glasgow ilikuwa ya fahari, na siku ya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipolipiga jumba la Sultani, ilizamishwa pale pale bandarini, milingoti yake ikabaki juu ya maji kwa miaka mingi kama vidole vya mtu aliyezama. Beit al-Ajaib nayo, baada ya kusimama miaka 137, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha.

Lakini maji yaliendelea kutiririka. Vitabu vilivyochapwa katika mtambo wake viliendelea kusomwa na wanavyuoni, Unguja na Oman. Ukivipanga vitu vyake vyote mstari mmoja utaona kwamba kile alichokifanya kwa ajili ya nafsi yake kiling'olewa mara alipozikwa, na kile alichokifanya kwa ajili ya watu wote kilipata wa kukilinda. Kila mwenye kuteka maji alikuwa na sababu ya kuutaka mfereji uendelee kuwa mzima. Reli ya Chukwani haikuwa na watu wa namna hiyo.

Jambo la pili ni lile la swali la wanafunzi. Leo bado tunaagiza. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ililetwa na kampuni ya China, vichwa vya magari vikashushwa bandarini kwetu kama vile cha Sultani kilivyoshushwa Unguja. Hakuna aibu katika kuagiza. Barghash aliagiza, na Mwingereza mwenyewe aliyaagiza mataruma ng'ambo na kuwaleta mafundi na vibarua kutoka bara Hindi. Kinachotakiwa ni kwamba kila sanduku linaposhushwa, pawepo kijana wa hapa aliyesimama kando yake, anaijua namba ya kila kipande, na siku ya kuharibika hahitaji kuandika barua ng'ambo.

Mwanafunzi mmoja wa hapa Kenyenya, msichana wa darasa la saba, sasa anaweza kuifungua mashine yetu ndogo yote, kuipanga mezani vipande 43, na kuiunganisha tena hadi ikaenda. Mzee wa Uingereza alipopata habari hiyo alituma michoro ya mashine nzima, ili safari ijayo magurudumu yatengenezwe huku huku. Sayyid Barghash, aliyeupenda ufundi na kuutafuta mbali kwa fedha nyingi, alifariki dunia kabla ya kuona mchoro wa namna hiyo mikononi mwa mtoto wa Afrika Mashariki. Hilo ndilo behewa alilolikosa katika gari lake.